Mzee Aliyeazimwa Siku ya Ukaguzi

Watu wa mashirika ya hisani walimbandika jina la Bi Fungua, na hawakumbandika kwa mapenzi. Alipofika kukagua hakukaa kwenye kochi la wageni akaletewa soda na mafaili. Alisimama palepale mlangoni, mkoba begani, akaelekeza kidole kwenye mlango wa kwanza uliofungwa. "Fungua." Stoo ya vyakula, fungua. Kabati la dawa, fungua. Na friji hiyo, hebu fungua. Wenye la kuficha walitafuta funguo kwa muda mrefu ajabu, na wasio na la kuficha walinuna kwamba wanadhaniwa wezi. Hivyo alikuwa na miaka mingi kazini bila rafiki hata mmoja kati ya watu aliowakagua.

Ofisi yake ilikuwa ya Msajili wa mashirika ya hisani, ghorofa ya pili, kwenye korido yenye benchi moja refu la mbao na feni iliyopiga kelele bila kuleta upepo. Sheria inayosimamiwa na ofisi hiyo si ngumu. Ukitaka kuomba fedha za watu kwa jina la yatima, la wagonjwa au la wazee, jiandikishe. Uwe na bodi ya wadhamini, watu wasiolala nyumba moja. Kila mwaka useme umefanya nini. Mkaguzi akija, mwache aone. Mtoto wa shule ya msingi angeielewa. Walioshindwa kuielewa ni watu wazima wenye vyeti ukutani.

"Bodi yako ni wewe, mumeo na kaka yako," Bi Fungua alimwambia mama mmoja.

"Na shemeji."

"Haya, na shemeji. Sasa siku ukikosea, nani atakuambia?"

"Nikosee nini, dada yangu? Mimi namtumikia Mungu."

Mwingine alileta taarifa ya mwaka iliyojaa picha za harusi ya binti yake. Alipoulizwa yatima wako wapi, alisema wapo, ni wale kule nyuma, walialikwa kula. Bi Fungua aliifunga taarifa ile taratibu, akavua miwani, akajikanda paji la uso. Alikuwa akijikanda hivyo mara nyingi mpaka pakawa na alama.

Lakini kilichomkera kuliko vyote kilitoka ndani ya ofisi yenyewe. Mkurugenzi alikuwa ameamuru kila shirika lijulishwe wiki nzima kabla ya kukaguliwa. "Sisi si polisi," alipenda kusema huku akilegeza tai. "Sisi tunajenga uhusiano." Bi Fungua alipinga kwenye vikao, akapinga kwenye korido, akapinga mpaka wenzake wakaanza kutazama saa zao akisimama.

Na alikuwa na haki. Fedha ya sadaka ina udhaifu wake: anayeitoa haendi kuona imefika wapi. Ameshatoa, moyo umetulia, amekwenda zake. Ndiyo sababu akawekwa mtu wa kwenda kuona kwa niaba yake. Mtu huyo akienda kwa miadi, afadhali abaki nyumbani, kwa sababu atakachorudi nacho ni maigizo yaliyopigwa muhuri wa serikali.

Nyumbani aliishi na baba yake mzazi. Mume alikwisha kufariki, watoto walikuwa na familia zao mbali. Mzee alikuwa fundi seremala enzi zake. Sasa mikono ilitetemeka, ila ulimi ulikuwa mzima kabisa. Asubuhi binti alimwachia chai kwenye chupa na chakula cha mchana kwenye hotpoti, akatoka kwenda kuuliza watu wengine maswali. Jioni alirudi akakuta hotpoti limejaa kama alivyoliacha.

"Baba, leo pia hukula?"

"Nilikuwa nimeshiba."

"Umeshibishwa na nini?"

"Mama, usinikague," mzee alijibu, na yakaishia hapo. Alizoea kumwita mama, kwa kuwa binti alirithi jina la bibi yake, mama wa mzee. Binti alidhani ni uzee tu, tumbo la wazee ni dogo. Akaendelea kuacha hotpoti.

Siku moja zamu ikafika ya makazi ya wazee nyuma ya soko. Kwenye taarifa zao walidai kuwatunza wazee arobaini wasio na ndugu. Mwanzilishi wake alikuwa mama wa makamo mwenye sauti ya kuongoza kwaya, na kila mtu alimwita Mlezi. Alikuwa amepewa wiki yake ya kujiandaa kama kawaida. Uwanja ulifagiliwa mpaka ukabaki na mistari ya ufagio. Wafanyakazi walijipanga. Bi Fungua alishuka kwenye gari la ofisi, akamwacha dereva akipanguza kioo, akaingia.

"Karibu sana, mheshimiwa. Soda baridi au maji?"

"Ahsante, nimekunywa. Chumba hiki, fungua."

Chumba cha kwanza kilikuwa na wazee kweli. Kulikuwa na harufu ya dawa ya kuchua, redio iliyofungwa kwa mpira ili betri zisitoke, meno ya bandia ndani ya glasi, na bibi mmoja aliyelala ubavu akilalamika kwamba pazia limefunguliwa sana. Mlezi alimgeuza kwa mkono mmoja, haraka, bila kumuumiza, huku akiendelea kuongea na mgeni. Bi Fungua aliliona hilo. Mtu hajifunzi kugeuza mgonjwa hivyo kwa wiki moja. Chumba cha pili kilikuwa hivyohivyo. Wote pamoja walikuwa kumi na wawili, safi, wameshiba, hawana vidonda vya kulala.

Kisha akafungua ukumbi wa nyuma. Vitanda vilipangwa kama duka la samani. Mashuka yalikuwa na mikunjo ya dukani, mito haikuwa na doa la mafuta ya nywele, na godoro moja lilikuwa bado na nailoni yake. Juu ya kila kitanda alikaa mzee, amevaa fulana ya kijani yenye nembo ya makazi, mikono juu ya magoti, kama wanaosubiri kupigwa picha. Akasema kabati dogo la pembeni lifunguliwe. Tupu. La pili, tupu. Mtu anaishi vipi mahali bila hata kitana?

"Vitu vyao viko wapi?"

"Tunavihifadhi stoo, mheshimiwa. Wanapoteza."

Mzee mmoja aliye karibu na mlango akamshika mkono Bi Fungua. "Mama, samahani. Gari la kuturudisha linakuja saa ngapi?"

"Huyu kumbukumbu imemwondoka," Mlezi akawahi kusema. "Pole, babu. Twende huku, mheshimiwa." Akampeleka mpaka kitanda cha mwisho, chenye dirisha, akateremsha sauti iwe ya huzuni. "Na huyu ndiye anayenitoa machozi. Watoto wake walimtupa. Hana mtu duniani. Angekuwa amekufa kando ya barabara."

Kwenye kitanda hicho, ndani ya fulana ya kijani iliyombana tumbo, alikaa baba yake Bi Fungua.

Mzee alikuwa anamtazama Mlezi, si binti yake. Uso ulikuwa umemshuka, kama mtu aliyesikia habari zake mwenyewe zikisomwa redioni, na zote za uongo.

"Shikamoo, baba," Bi Fungua alisema hatimaye.

"Marahaba, mama."

"Unaona alivyo na adabu!" Mlezi alifurahi. "Kila mgeni ni mtoto wake."

Bi Fungua hakuomba tena chochote kifunguliwe. Alisema atawasiliana nao, akatoka akiwa amekaza mkoba kifuani. Dereva, ambaye humshusha nyumbani kwake mara nyingi na kunywa maji kwa mzee, alikuwa amesogea kando ya ukumbi kutafuta kivuli, akachungulia dirishani. Gari lilitembea kidogo kabla hajashindwa kuvumilia.

"Bosi, yule wa dirishani si mzee wako?"

"Endesha gari."

"Fulana imemkaa vibaya."

"Nimesema endesha."

Jioni hiyo mzee alirudi nyumbani na koti lake mwenyewe, akakaa kwenye kiti chake, akaomba chai kana kwamba alikuwa ametoka kununua gazeti.

"Baba, ulikuwa unafanya nini pale?"

"Nakwenda kila siku. Kuna watu wa kucheza nao dama. Kuna uji. Kuna yule fundi viatu ambaye hakubali kushindwa. Juzi Mlezi akasema kuna ukaguzi, mvae fulana, mkae kitandani, tunajaza nafasi. Nikajaza. Sikujua mkaguzi ni wewe. Wameniazima tu."

"Mtu haazimwi, baba. Sufuria ndiyo inaazimwa."

"Wewe uliniazima mara ngapi kumsubiri fundi bomba?"

Bi Fungua alimmiminia chai. "Hujawahi kuniambia kama unakwenda huko."

"Hujawahi kuniuliza. Unauliza hotpoti."

Waligombana mpaka chai ikapoa. Mzee alimwomba aandike kwamba mambo ni mazuri, na kwa upande mmoja hakuwa anaomba uongo: wale kumi na wawili walitunzwa vizuri kuliko wangetunzwa na watoto wengi ninaowajua mimi. Makazi yakifutwa, yule bibi wa pazia atapelekwa wapi? Mlezi alitia chumvi, mzee alisema, kwa sababu wafadhili wakisikia kumi na wawili wanapiga miayo. Wanataka arobaini. Wakipewa arobaini wanataka picha.

"Kwa hiyo wadanganywe?"

"Kwa hiyo bibi alale nje?"

Hilo ndilo lililomkosesha raha. Akiandika ukweli, kwa kawaida ya ofisi yao usajili ungefutwa na vitanda vile kumi na viwili navyo vingekwenda. Akinyamaza, makazi yangebaki, na mtu anayechangia kidogo alichonacho huko mbali angeendelea kulipia wazee waliokuwa wanasubiri gari la kuwarudisha kwao. Wako wanaosema uongo wa kusaidia si uongo. Mimi nimeona unavyoanza na mashuka na unavyoishia na gari jipya la mwenyekiti, na sijawahi kuona uongo wa hisani uliorudi nyuma wenyewe.

Kesho yake aliingia kwa Mkurugenzi.

"Umeona wazee?" Mkurugenzi aliuliza bila kuinua macho. Mtu fulani mkubwa alikuwa mfadhili wa heshima wa makazi yale, na alikuwa ameshampigia simu Mkurugenzi.

"Nimeona."

"Basi andika, wazee wapo."

"Mmoja wao ni baba yangu."

Mkurugenzi aliinua macho. Alifikiri. "Baba yako ni mzee?"

"Ni mzee."

"Basi wapo."

"Ana nyumba! Ana mtoto! Amekula kwangu jana usiku!"

"Bi Fungua, wewe unajitafutia nini? Ofisi nzima itakucheka. Mkaguzi mkali, baba yake ametelekezwa."

"Wacheke. Na faili hili siwezi kuendelea nalo, nina ndugu ndani yake. Mpe mtu mwingine. Mimi nitakuja kama shahidi."

Mkurugenzi alilegeza tai mpaka ikafunguka kabisa. Faili akapewa Mpole, mkaguzi wa meza ya jirani, aliyepata jina hilo kwa kuwa hajawahi kumkatalia mtu soda. Bi Fungua alikaribia kulia kwa hasira. Alimfuata Mpole mpaka chumba cha chai.

"Soma sheria yote, siyo ukurasa wa kufuta usajili tu. Tunaweza kuwazuia kuchangisha. Tunaweza kuweka wadhamini wengine. Haikuandikwa popote kwamba lazima tufunge mlango."

"Dada, wewe si umejitoa?"

"Nimejitoa. Naongea kama mwananchi."

"Mwananchi asubiri kwenye benchi," Mpole alisema, akakoroga chai. Lakini aliisoma. Hilo lazima niliseme kwa haki yake.

Tatizo likawa ushahidi. Mlezi alikana. Wazee wa fulana za kijani walikuwa wameyeyuka, kila mmoja kwao, na hakuna aliyetaka kuonekana ametumiwa. Dereva alisema yeye alikuwa anatafuta kivuli tu. Neno la Bi Fungua lilibaki peke yake dhidi ya neno la mama anayependwa na mtaa mzima. Alimwomba baba yake aje aseme. Mzee akakataa katakata.

"Nimekula uji wake nikamshitaki? Mimi si mtu wa hivyo."

"Humshitaki. Unasema unakaa wapi."

"Sitaki."

Basi Bi Fungua akaenda kwenye kikao cha kumhoji Mlezi bila shahidi, akiwa na hakika kwamba mambo yatamalizwa kwa soda. Chumba cha mikutano kilikuwa na meza ya mviringo iliyochubuka. Mpole alikaa upande mmoja, Mlezi upande wa pili na wadhamini wake: mume, mpwa, na binamu wa mume. Mlezi alieleza kwa machozi jinsi ukumbi wa nyuma ulivyojaa watu waliotupwa. Alifika kwenye yule wa dirishani. Watoto wake walimtupa, alianza. Mlango ukafunguliwa, akaingia mzee wa koti amechoka na ngazi, akajishikiza kwenye kiti.

"Mwanangu, hilo usiliseme tena," alimwambia Mlezi.

"Mzee wangu! Nimekulisha kwa mikono yangu!"

"Umenilisha, na nakushukuru mbele ya hawa wote. Ulisema nijaze nafasi, nikajaza, hilo ni kosa langu pia. Lakini hukuniambia kwamba watu wanaambiwa sina mtu. Mimi nina binti. Ni msumbufu, anauliza maswali mpaka chakula kinapoa, lakini hajawahi kunitupa. Ndiye yule pale anayejifanya anatazama dirisha. Andika hivyo," alimgeukia Mpole, "na uandike pia kwamba kumi na wawili wanaolala mbele ni wa kweli. Ukiwafukuza, nitakuja hapa kila siku, nina muda mwingi sana."

Mlezi akakubali yote kwa sauti ndogo isiyofanana na yake. Mume wake alikuwa ameshaanza kutazama viatu vyake.

Makazi hayakufungwa. Yalizuiwa kuchangisha mpaka hesabu ya wazee isahihishwe na kila mfadhili aelezwe ukweli; wengine waliondoka, kama Mlezi alivyoogopa, na wachache wakaongeza. Yeye alibaki kuwatunza wazee, kazi aliyoiweza, na akaondolewa kwenye kuidhinisha matumizi, kazi iliyomshinda. Ukoo ulitolewa kwenye bodi. Mtaa ukaombwa kupendekeza wadhamini wapya wasio ndugu wa mtu yeyote pale. Fundi viatu alipendekeza jina moja kwa sauti kubwa, wazee wote wakapiga makofi, na Bi Fungua alipata habari hizo jioni kutoka kwa mwenye jina, baba yake mwenyewe, akiwa amevaa koti lilelile.

"Baba, huwezi! Mimi nafanya kazi kwa Msajili!"

"Basi omba uhamisho."

Alikwenda kwa Mkurugenzi kutangaza kwa mara ya pili kwamba ana ndugu kwenye faili. Akaambiwa asikanyage makazi yale kikazi tena, wala asiguse karatasi yao yoyote, wala asimshauri mdhamini yeyote wa pale. Yalikuwa makazi pekee katika wilaya nzima aliyotamani kuyakagua kila wiki.

Mwisho wa mwaka mzee alitandaza fomu za taarifa juu ya meza ya chakula, miwani puani, kalamu ikimtetemeka.

"Mama, hapa wanauliza manufaa kwa umma. Niandike uji au niandike dama?"

"Siruhusiwi kukujibu, baba."

"Neno moja tu."

"Hata nusu. Njoo ofisini, kaa kwenye foleni kama wenzako."

"Nyinyi watu wa Msajili mna kiburi," mzee alisema, akakunja karatasi zake. "Sisi tunahangaika na wazee, nyinyi mnatuletea fomu."

Kesho yake Bi Fungua alipotoka kwenye chumba chake cha kazi alimkuta kwenye lile benchi refu, katikati ya yule mama wa bodi ya shemeji na kijana mwenye bahasha. Alikuwa ameshawaeleza wote wawili jinsi ofisi hii ilivyo ya hovyo, na mama yule alikuwa anatikisa kichwa kwa kukubali.

"Shikamoo, baba."

"Marahaba. Mwambie huyo mwenzako Mpole tumekaa hapa tangu asubuhi, na wanasema yuko kikaoni."

"Siwezi kumwambia, baba."

"Unasikia?" mzee alimwambia jirani yake wa benchi. "Na huyu ni damu yangu."

Bi Fungua alijikanda paji la uso, akateremka ngazi. Alipanda baadaye na chupa mbili za maji, akampa mama wa bodi ya shemeji moja na kijana wa bahasha nyingine. Baba yake hakumpa, kwa sababu asingeweza kueleza kwa Mkurugenzi kwamba si upendeleo. Mzee aliomba maji kwa kijana, akanywa, akamtazama binti yake juu ya chupa mpaka binti alipofunga mlango wa chumba chake.